Waliiita Almasi Yake Chupa

Mwanamume aliyenivisha pete hakuwahi kunidanganya hata mara moja, na ndiye aliyeondoka nyumbani kwetu akiitwa tapeli.

Nilikutana naye kazini. Mimi ni nesi wa kliniki ya macho. Asubuhi moja mwenzake alimleta akiwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja, chembe ya vumbi la kusagia imemwingia. Nilimlaza kitandani nikaanza kumwosha jicho taratibu, na yeye muda wote ananitazama kwa lile lililobaki, hapepesi.

"Usinitazame mimi, tazama dari," nilimwambia.

"Dari nimeshaiona, Nesi. Haina jipya."

Nilicheka mkono ukatetemeka, maji yakamwingia sikioni. Akarudi baada ya siku tatu kukaguliwa, kama nilivyomwandikia. Akarudi tena baada ya wiki, na mara hiyo hakuna aliyekuwa amemwandikia.

Kila mtu alimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kinachokuza almasi. Siku aliyoniambia nilidhani ananichezea akili.

"Kukuza? Kama nyanya?"

"Kama nyanya, ila hizi hazitaki mbolea." Akavuta kiti karibu, maana kazi yake aliipenda na alipenda kuieleza. "Unachukua kipande chembamba cha almasi, chembamba kama ukucha. Unakiweka ndani ya mtambo, sisi tunauita chungu. Unaingiza gesi yenye kaboni, unaipasha moto mkali ajabu. Kaboni inatua juu ya kile kipande kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Wiki tatu, nne. Ukiwa na haraka, jiwe linaharibika."

"Kwa hiyo ni almasi bandia."

Hakukasirika. Alikuwa ameshalisikia neno hilo mpaka masikio yameota sugu.

"Nyie hospitalini mnazalisha watoto kwa upasuaji. Ni watoto bandia?"

"Wewe! Mtoto ni mtoto."

"Basi na almasi ni almasi. Njia ya kutokea ni nyingine, kilichotoka ni kile kile. Ugumu ule ule, mng'ao ule ule."

"Na haifubai baadaye?"

"Haifubai. Ikishika mafuta ya mikono unaiosha kwa sabuni, kama nyingine yoyote."

"Basi itakuwa bora kuliko ya mgodini!"

"Sijasema hivyo." Alitikisa kidole kama mwalimu. "Ile mitambo inakula umeme, usiseme. Na mtu akikuambia ununue leo uje uuze kesho upate faida, mkimbie, maana bei yake inashuka kila mwaka. Mimi siuzi sifa, Nesi wangu. Nakueleza jiwe lilivyo."

Hapo ndipo nilipompenda. Wanaume niliowajua walipaka kila kitu sukari. Huyu alikueleza jambo lilivyo, kisha akakuachia uamuzi.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye alinifuata kliniki saa ya chakula cha mchana. Tukakaa kwenye benchi nyuma ya jengo, pale tunapoanika mashuka. Akanipa kiboksi cha dawa ya matone ya macho.

"Jicho linauma tena?" nikamuuliza.

"Fungua."

Nilifungua. Ndani yake, juu ya pamba ya hospitali, palikuwa na pete. Jiwe lake halikuwa kubwa, lakini jua la saa saba lilipolipiga, lilirusha vimulimuli juu ya mashuka meupe mpaka wenzangu wawili wakachungulia dirishani.

"Limekua kwenye chungu namba sita, kwenye zamu yangu," alisema. "Lilipotoka niliomba niuziwe mimi kabla halijaenda kwa wateja. Pembeni mwake kuna maandishi madogo sana, huwezi kuyaona kwa macho. Yanasema limekuzwa maabara. Sikutaka kuyafuta. Unakubali niwe mumeo?"

Nilikubali kabla hajamaliza neno la mwisho. Nikalia, akanifuta machozi kwa ile pamba, wenzangu wakapiga vigelegele dirishani. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Na siku hiyo hiyo, kwenye benchi lile lile, ndipo nilipoiharibu.

"Nyumbani tusiwaambie kwanza kwamba ni ya maabara," nilimwambia.

Mkono wake uliokuwa begani kwangu ukatulia. "Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya dada yangu mkubwa. Miaka sita nyuma alichumbiwa na mwanamume mwenye maneno matamu, akavishwa pete, tukaambiwa ni almasi ya kutoka mbali. Baada ya miezi mitatu jiwe lilikuwa na mikwaruzo kama kioo cha saa ya zamani. Lilikuwa kipande cha chupa kilichochongwa. Mwanamume akapotea wiki ile ile ya harusi. Dada alihama mji kwa aibu. Mama alilazwa, presha ikapanda nusura tumpoteze. Na shangazi, dada yake marehemu baba, aliapa kwamba hakuna chupa nyingine itakayoingia katika nyumba ya kaka yake.

"Shangazi akisikia neno maabara, hutamwambia kitu tena akakuelewa," nilisema.

"Mimi siyo yule mwanamume."

"Mimi najua. Wao hawajui. Nipe muda, nitawaambia mwenyewe."

"Lini?"

"Kabla ya harusi."

Alitazama mashuka kwa muda. "Wakiniuliza sitadanganya. Sijui kudanganya, nitaumbuka."

"Hawatakuuliza."

"Na wakiuliza?"

"Nitajibu mimi. Nakuahidi."

Alinishika mkono akaubusu. "Sawa. Utajibu wewe."

* * *

Wiki tano baadaye, Jumapili saa tisa alasiri, Fundi alikuja nyumbani tupange tarehe ya harusi. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mpaka mikono ikasimama. Mama alimpokea kwa kicheko, akamkalisha karibu na dirisha, akamletea chai kabla hata hajaketi vizuri. Mama alimpenda. Alisema kijana huyu anakula kama mtu mwenye dhamiri safi.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu baba. Tangu baba alipofariki, kiti kile ni chake na neno la mwisho ni lake. Kidoleni alivaa pete ya almasi aliyopewa na mumewe siku ya ndoa yao. Mumewe ameshatangulia mbele ya haki, lakini pete ile haijawahi kutoka kidoleni, hata akikanda unga.

"Shikamoo, Shangazi," Fundi alimwamkia.

"Marahaba, baba. Karibu. Leo tuna mgeni mwingine."

Mgeni mwingine alikuwa mzee sonara, yule anayetutengenezea mikufu yetu tangu nikiwa mdogo. Alikuwa ameketi pembeni ya kochi, mkoba wake wa ngozi magotini, anaona haya kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Nimemwomba atuangalizie tu ile pete," shangazi alisema. "Siyo kwa ubaya."

Mama aliweka birika chini kwa kishindo. "Wifi! Hatukukubaliana hivyo."

"Mara ya kwanza pia hatukukubaliana, wifi yangu. Tukakaa kimya kwa heshima, tukaona matunda ya heshima."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ametulia.

"Apime tu, Shangazi," alisema. "Jiwe halina wasiwasi."

Nilivua pete. Vidole vyangu vilikuwa vya baridi mpaka ikatoka yenyewe.

Mzee sonara alitoa kitu kama kalamu nene yenye taa ndogo. Akaigusisha kwanza kwenye pete ya shangazi, kwa kuonyesha inavyofanya kazi. Ikalia. Akaigusisha kwenye pete yangu. Ikalia vile vile, kwa sauti ile ile.

"Almasi," alisema.

"Ahsante Mungu wangu!" Mama alijishika kifua. "Sasa jamani tunywe chai."

Shangazi hakuinua kikombe. "Hiyo mashine yako betri yake nzima?"

"Nzima, mama. Niliweka jana."

Sote tukacheka, hata Fundi. Nilivuta pumzi. Nikajua nimepona. Nikasema moyoni, kesho, kesho hii hii, nitamkalisha mama jikoni nimweleze kila kitu.

Lakini mzee yule alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli hawezi kushika jiwe zuri bila kulitazama. Akabana lenzi yake jichoni, akalisogeza jiwe kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza polepole. Lenzi ikatua kwenye ukingo wa jiwe. Akaligeuza tena.

"Kuna maandishi," alisema.

"Maandishi gani?" shangazi aliuliza.

Mzee alimtazama Fundi kama anayemwomba radhi. "Yanasema limekuzwa maabara."

Sijui nieleze vipi jinsi neno lile lilivyoingia sebuleni kwetu. Shangazi alisimama. Hata mto aliouegemea ulianguka.

"Si nilisema? Chupa! Chupa nyingine!"

"Siyo chupa, mama," mzee sonara alisema haraka. "Ni almasi. Kalamu hii haiwezi kuitofautisha na ya kwako. Bila maandishi haya hata mimi kwa lenzi yangu nisingejua, ingebidi ipelekwe kwenye mitambo mikubwa."

"Usiilinganishe na yangu! Yangu imetoka ardhini, imekaa huko tangu dunia inaumbwa. Hii imepikwa! Kitu cha kupikwa kinadumu? Mwakani itakuwa imefubaa kama kijiko cha bati."

"Haifubai, Shangazi," Fundi alisema kwa upole. "Ni kaboni ile ile, imejipanga vile vile. Inachukua wiki kadhaa badala ya—"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua. Nimeikuza mwenyewe."

"Ameikuza mwenyewe! Wifi, umesikia? Amejitengenezea, kama mtu anayegandisha barafu! Mwanamume mzima umeshindwa hata kwenda dukani?" Shangazi alikuwa anatetemeka, na sasa nikikumbuka naona kwamba kulikuwa na machozi ndani ya hasira ile. Yeye ndiye aliyemshika dada yangu usiku aliotaka kujiua. "Na binti yetu ulimwambia? Jibu. Ulimwambia ni ya maabara, au ulimwacha atembee mitaani akijisifu?"

Fundi hakujibu. Aligeuza shingo akanitazama.

Nayakumbuka macho yale. Hayakuwa na lawama, lawama ilikuwa haijafika. Yalikuwa macho ya mtu aliyefika mlangoni anajua atafunguliwa. Aliniahidi hatadanganya. Mimi nilimwahidi nitajibu.

Mama naye alinigeukia. Rangi ya uso ilikuwa imemtoka, mkono uko kifuani, kama ulivyokuwa siku ile ya dada. "Mwanangu," alisema taratibu, "ulijua?"

Nilifungua mdomo. Nikaona akilini mama anaanguka, naona kitanda cha hospitali, naona shangazi akiniambia, kumbe na wewe, kumbe ulitudanganya sote. Nikafunga mdomo. Nikatazama kitambaa cha meza. Kilikuwa na maua ya njano, na ua moja lilikuwa limefumuka uzi.

"Hakumwambia," shangazi alisema. "Mnamwona? Mtoto ameganda. Hakumwambia, sivyo?"

Fundi alisubiri. Alinisubiri muda mrefu. Mzee sonara alikohoa. Mtaani kuna mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Bado alisubiri. Machozi yalinitoka yakadondoka kwenye lile ua, na kila mmoja katika chumba kile aliyasoma kama machozi ya msichana aliyetapeliwa.

Kisha akasimama. Akanyoosha shati lake.

"Samahani, Mama," alimwambia mama yangu. "Nilipaswa kuwaeleza siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekosea."

"Kosa gani, ni utapeli!" shangazi alisema. "Chukua chupa yako."

Pete ilikuwa bado mkononi mwa mzee sonara. Alitazama huku na huku. "Nimpe nani?" aliuliza. Mwisho Fundi mwenyewe alinyoosha kiganja, akaipokea, akaitia mfuko wa shati kama mtu anayetia tiketi. Akamshukuru mama kwa chai. Akatoka. Nikasikia viatu vyake kwenye changarawe, nikasikia geti likifunguliwa, halafu likifungwa polepole, kwa adabu, kama alivyolifunga siku zote.

Na bado sikuinuka.

Aliyezungumza kwanza ni mzee sonara. Alikuwa anafunga mkoba wake, hatutazami.

"Nimeshika mawe miaka arobaini," alisema. "Matapeli nimewaona wengi. Tapeli anafuta maandishi, haachi. Yule kijana angekuwa na nia mbaya, jiwe lile lisingekuwa na herufi hata moja."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka.

"Nilijua," nilisema.

Mama alinigeukia.

"Nilijua tangu siku aliyonivisha. Aliniambia yote, hata bei yake kwamba inashuka aliniambia. Alitaka kuwaeleza. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwahidi mkiuliza nitajibu mimi."

Nilingoja shangazi anichane kwa maneno. Hakunichana. Aliketi kwenye kiti cha baba polepole, mkono mmoja umeshika pete yake.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mbele yake. Mama yako alikuuliza."

"Niliogopa."

"Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu bure." Sauti yake ilikuwa imepungua, kama ya mgonjwa. "Mimi nasema nisichokijua, sawa, ni ujinga wangu. Wewe unajua, unakaa hapo unatazama meza?"

Mama hakuanguka. Presha haikupanda. Alinishika bega akanisukuma kuelekea mlangoni. "Mkimbilie," alisema. "Unangoja nini? Mkimbilie!"

Nilikimbia pekupeku mpaka kona ya barabara. Palikuwa na mama mmoja anauza vocha, na paka amelala juu ya ukuta. Nilimpigia simu. Ilikuwa imezimwa.

* * *

Jumatatu asubuhi niliomba ruhusa kazini nikaenda kiwandani kwao. Sikuwahi kuingia mle. Mlinzi aliniandika jina, akanikalisha kwenye chumba cha wageni chenye viti vya plastiki na dirisha dogo la kioo linalotazama ndani. Nikasimama pale dirishani. Niliona mistari ya mitambo ya chuma, kila mmoja na tundu lake la kioo, na ndani ya kila tundu mwanga wa zambarau uliotulia tuli. Hakuna moshi, hakuna kelele, ila mvumo mmoja mzito unaousikia miguuni. Kumbe kazi ya mpenzi wangu ilikuwa kusubiri.

Alitoka amevaa koti jeupe na kofia ya wavu kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuketi karibu nami, aliacha kiti kimoja katikati.

"Nimewaambia," nilisema kabla hata ya salamu. Nilikuwa nimekesha na maneno hayo, nikiamini ndiyo ufunguo. "Nimewaambia kila kitu. Kwamba nilijua, kwamba mimi ndiye niliyekukataza. Mama anakuomba urudi. Shangazi analia tangu jana, anataka kukuomba radhi. Wote wanajua sasa."

"Uliwaambia lini?"

"Jana ile ile. Hata robo saa haikupita."

"Nilikuwa nimeshatoka."

"Ndiyo, lakini nilikufuata, nilikimbia mpaka barabarani, simu yako ilikuwa—"

"Uliwaambia nikiwa sipo," alisema.

Nilishika kidole kilichokuwa na pete.

"Shangazi sina kesi naye," aliendelea. "Kila siku hapa tunapigiwa simu. Wengine wanauliza kama ni plastiki. Wengine kama itayeyuka kwenye maji ya moto. Watu hawajui, unawaeleza, akielewa anaelewa, asipoelewa unalala usingizi wako. Nimezoea. Shangazi alisema kwa sababu hajui. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilimwona mama ameshika kifua. Nilikumbuka dada. Niliogopa, Fundi."

"Na mimi niliogopa. Unadhani magoti yangu yalikuwa ya chuma? Nilikuwa nasema kimoyomoyo, si lazima aongee. Atikise kichwa tu. Akitikisa kichwa tu, waache wanitukane mpaka kesho, mimi na yeye tutacheka njiani." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nikakutazama, ukatazama meza."

"Nipe nafasi nyingine. Nitasema mbele yao wote, na wewe ukiwepo. Nitasema mbele ya mtaa mzima. Twende sasa hivi."

Kwa dakika ile niliona anapigana na nafsi yake, nikaomba kimoyomoyo ashindwe. Mkono wake ulisogea mpaka kwenye kile kiti kilichokuwa kati yetu, ukatulia pale. Niliuwekea wangu juu. Ulikuwa wa moto. Hakuuondoa.

"Tukioana," alisema, "siku moja watasema jambo jingine. Labda kuhusu kazi yangu. Labda kuhusu mama yangu, hajasoma, anaongea kwa sauti kubwa. Labda kuhusu mtoto wetu. Na mimi nitageuza shingo nikutazame. Nesi, sitaki kuishi nikiwa nasubiri kuona utatazama wapi."

"Hunipendi tena."

"Ningekuwa sikupendi ningelala jana." Akauvuta mkono wake taratibu, kama mtu anayemtolea mgonjwa bandeji. "Nakupenda. Na sirudi."

Ndani, nyuma ya kioo, taa moja ndogo ilianza kuwaka na kuzima juu ya mtambo. Akaiona. Akasimama.

"Pete umeiweka wapi?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Nadhani nilitaka abaki, hata kwa sekunde kumi.

"Ninayo. Nitampelekea mama yangu. Yeye hatauliza imetoka wapi." Alitaka kutabasamu, mdomo ukakataa. "Nenda kazini. Wagonjwa wako wanasubiri."

Mlango ulifunguka, mvumo ukaingia, mlango ukafungwa, mvumo ukakatika. Kupitia dirishani nilimwona akienda kwenye mtambo wake, akainama, akachungulia kwenye ule mwanga wa zambarau. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mlinzi akanijia, akaniambia kwa huruma kwamba wageni hawaruhusiwi kukaa zaidi ya nusu saa.

Nje ya geti nilimkuta shangazi. Alikuwa amekuja peke yake kwa teksi, amevaa nguo ya kutokea, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Tangu jana alikuwa amezeeka.

"Yuko wapi? Nimekuja kumwangukia miguuni," alisema. "Niambie aliko."

"Yuko kazini, Shangazi."

"Nitamsubiri."

"Hatarudi."

Alinitazama usoni, akaelewa. Akaniingiza kwenye kanga yake, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto nimeanguka. Tukasimama hivyo kando ya barabara, malori yanapita.

"Sikiliza, mwanangu," aliniambia sikioni. "Watu wakiuliza, waambie ni mimi. Sema shangazi ndiye aliyemfukuza, shangazi mkorofi, shangazi hajui almasi wala chupa. Mimi nimeshakuwa bibi, watanisema wiki mbili watachoka. Wewe bado una maisha. Hakuna haja ya mtu kujua kwamba ulijua. Jana ile mimi nilimuuliza, hakujibu, nikamfukuza. Basi. Sivyo?"

Nilitamani sana kukubali. Ilikuwa rahisi, sikuhitaji hata kufungua mdomo.

"Hapana," nilisema. "Aliniambia."

Maneno yalitoka bila kukwama, bila hata sauti kutetemeka. Hapo ndipo nilipolia kwa sauti mbele ya mlinzi na wapita njia, kwa sababu yalikuwa mawili tu, mafupi hivyo, na jana saa tisa yangetosha.